Chambo wa Kiti cha Mbele

Kazi yangu ilikuwa kukaa. Usicheke, si kila mtu anajua kukaa. Nenda stendi ya Meknes asubuhi ulitazame basi tupu. Halipandi mtu. Abiria anachungulia, anaona viti vitupu, anajua atasubiri mpaka adhuhuri, anaondoka zake kwenda kwa kampuni nyingine. Lakini akichungulia akamwona mzee mwenye ndevu zilizochanwa, amekaa kiti cha mbele dirishani, tasbihi mkononi, kifurushi mapajani, anatazama saa kwa hasira ya mtu anayecheleweshwa, moyo wake unatulia. Anajiambia, hili linaondoka. Anapanda. Wa pili anamwona wa kwanza, wa tatu anamwona wa pili, na basi likishajaa mpiga debe anagonga kioo changu mara mbili, ngo ngo, nami nashuka kama mtu anayekwenda kununua maji. Sirudi.

Wapiga debe wanatuita chambo. Nilikuwa chambo miaka kumi na moja, na nasema bila majivuno kwamba pale stendi hapakuwa na wa kunifikia. Wenzangu walikuwa wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani. Nani apande basi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo?

Nyumbani walijua mimi ni mkaguzi wa stendi. Uongo ule ulianza mdogo. Kinu cha zeituni nilichokuwa nikifanya kazi kilifungwa, na mke wangu Khaduj akaniuliza naenda wapi kila asubuhi nimevaa kola. Nikamjibu, "Nakagua mabasi." Na kweli nilikuwa nayakagua, kwa ndani. Khaduj akawaambia majirani, majirani wakanipandisha cheo, na uongo ukishafika kwa majirani hunenepa wenyewe, huhitaji kuulisha.

Basi akaja mtu kumposa binti yetu wa pekee, Ghizlan, aliyesoma Rabat na sasa anafundisha hesabu. Kijana anaitwa Sufyan, mtu wa Errachidia, ng'ambo ya milima, na walijuana huko huko chuoni. Jamaa zake wangekuja kwa basi siku ya Jumapili, wafike kwetu baada ya sala ya alasiri. Hatukuwa tumeonana nao hata siku moja. Sasa kwetu sisi, wageni wa posa wanaweza kula na kunywa chai mpaka wachoke, lakini Fatiha haisomwi mpaka baba wa msichana ainue mikono. Baba asipoonekana, maana yake amekataa. Na watu wa Errachidia hawaji mara mbili.

Jumapili ile Khaduj aliniamuru jambo moja tu.

"Leo stendi huendi."

"Siendi."

"Niangalie usoni useme."

"Mama Ghizlan, siendi!"

Lakini tangu usiku alikuwa ameng'oa nyumba nzima. Nikikaa kwenye godoro, linatolewa nje kupigwa. Nikihamia kwenye kiti, kiti kinaoshwa. Simu yangu ameichukua anawaita mashangazi. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwagiwa maji ya sabuni miguuni. Mimi, bingwa wa kukaa, nikakosa pa kukaa nyumbani mwangu! Saa moja na nusu nikachomoka, nikavuta kandambili mlangoni bila kutazama, nikaenda stendi nikapumzishe mwili nusu saa.

Mpiga debe wangu, Qadur, aliniona akataka kunibusu. "Ba Benaisa! Mungu amekuleta. Basi la Errachidia lina watu wanne na kuku. Nipe nusu saa tu."

Nikakaa mahali pangu. Jua la asubuhi likanipiga shingoni. Watu wakaanza kupanda, mama mmoja mwenye kapu akaniuliza kama linaondoka, nikamjibu, "Sasa hivi, binti yangu." Usiku kucha nilikuwa sijalala kwa kelele za mazulia yakipigwa vumbi. Nilifumba macho kidogo tu, ili nionekane msafiri mwenye uzoefu.

Baadaye niliambiwa kwamba basi lilipojaa, Qadur alikuwa amekabana na mpiga debe mwingine wakigombea sanduku la bibi mmoja, kila mtu na mpini wake. Dereva akachoka kuwangoja, akaondoka. Kioo changu hakikugongwa na mtu.

Niliamka kwa baridi. Nje hakuna stendi, hakuna Meknes, hakuna hata mti. Azrou ilikuwa imepita na msitu wake na nyani wake, Timahdite imepita, na mbele yangu palikuwa na uwanda mkavu wenye kondoo, na theluji kule mbali milimani. Nikatazama miguuni. Kandambili ya kushoto ilikuwa yangu. Ya kulia ilikuwa ya Khaduj, ya waridi, ina ua la plastiki juu.

"Tiketi, mzee," akasema kondakta. Alikuwa mgeni, hanijui.

"Mimi si abiria."

"Si abiria? Sasa wewe nini, kiti?"

"Mimi ni wa stendi."

"Stendi tumeiacha kilomita mia nyuma, baba."

Mama mwenye kapu akasimama. "Hebu subirini! Huyu si ndiye niliyemuuliza kama linaondoka, akaniambia sasa hivi binti yangu? Nimekaa saa nzima mpaka miguu imevimba!"

"Hata mimi nimepanda kwa ajili yake," akasema askari mmoja kijana aliyekuwa likizoni. "Nilisema mzee huyu ana uso wa mtu anayewahi."

"Chambo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Jamani, leo chambo kamezwa na samaki!"

Basi zima likaangua kicheko. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa. Saa nne unusu, na alasiri haimngoji mtu. Nilimwona Khaduj mlangoni, wageni wamekaa, chai inapoa, na binti yangu kasimama jikoni katika kaftani ya kijani aliyoishona kwa mshahara wake wa kwanza. Askari akanipa simu yake nipige nyumbani, lakini namba siijui kwa kichwa, na hata ningeijua, mkaguzi wa stendi angejieleza vipi kwamba amesafirishwa kama mzigo?

Dereva akanionea huruma. "Nitakushusha Zaida. Mabasi yanayotoka huko chini nayo yanasimama pale. Utapata la kurudi."

Zaida hakuna basi linalopita bila kusimama, hata dereva akiwa ameshiba. Unachagua pande lako la nyama kwenye bucha, linapimwa, linakatwa, unampa mchomaji aliye kwenye moshi pembeni, na madereva wanakula nyuma ya pazia bila kutoa chochote. Mfukoni nilikuwa na tasbihi na ufunguo wa nyumba. Askari akanitilia kofta mbili za nyama kwenye mkate. "Kula, mzee. Hata chambo anahitaji chambo." Nikala nikiwa nimesimama, nimeaibika, na sijawahi kula kofta tamu kama zile.

Basi la kwenda Meknes lilikuwapo, limewasha injini. Kondakta wa basi letu akamweleza mwenzake habari yangu, nao wakacheka upya. Kisha yule mwenzake akatikisa kichwa.

"Kukubeba bure si neno, mzee wangu, sisi ni ndugu. Lakini limejaa. Na huwezi kusimama, askari wa barabarani wako mbele, wakiona kichwa kimoja kimesimama, nimekwisha."

Nikapanda nikaangalia mwenyewe. Mimi kiti kilichojaa kwa uongo nakijua kwa harufu. Safu ya tatu, kando ya mwanamke mnene mwenye chale za zamani kidevuni na shali nyeupe, kiti kimoja kilikuwa kimekaliwa na vichuguu vinane vya sukari. Unaijua sukari yetu ya sherehe, imesimama kama kichuguu, imefungwa karatasi ya buluu. Vilikuwa vimezungushiwa utepe mwekundu na kufungwa mkanda wa kiti.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Kiti kina mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyo hapo?"

"Hiyo ni sukari, mama."

"Sukari ina tiketi. Wewe unayo?"

"Mama, nisipofika Meknes kabla ya alasiri, binti yangu ataharibikiwa."

"Kila asiye na tiketi ana binti anayeharibikiwa."

"Nitaipakata sukari yako."

"Ikivunjika ncha je? Hii inakwenda kwenye posa! Watu wa mjini wakiona ncha imevunjika watasema Errachidia wameleta makombo."

"Mama, nina miaka kumi na moja ya kukaa bila kutikisika. Nijaribu mpaka kona ya kwanza. Ikivunjika hata moja, nishushe porini."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka chini, na chini akakawia. "Mtu anayetoka nyumbani na kandambili ya mkewe," akasema, "ama ni mwendawazimu ama kweli ana haraka. Haya, kaa."

Kichuguu kimoja ni kilo mbili. Nikapakata kilo kumi na sita, basi likang'oka. Kona ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Nilikuwa nimekaza mapaja kama mtu aliyebeba mayai. Yule mama akalegea, akanimenyea chungwa, akanilisha kipande kipande kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini.

"Mimi ni Lalla Tuda," akasema. "Tunakwenda kumposea mtoto wa kaka yangu. Kaka ni yule pale mbele mwenye kilemba cha manjano, Haj Lahbib. Na yule kijana anayetapika kwenye mfuko ndiye bwana harusi."

"Mungu awape heri."

"Amina. Tena tumepata watu wakubwa! Baba wa msichana ni mkaguzi mkuu wa mabasi Meknes. Sidi Benaisa."

Namshukuru Mungu nilikuwa nimejifunza kukaa. Mtu mwingine angemwaga sukari yote.

"Wanasema ana mabasi arobaini chini yake," akaendelea.

"Arobaini!"

"Na gari la serikali."

"La gari sidhani, mama."

"Kwani unamjua?"

"Kidogo."

"Ni mtu wa namna gani?"

Nikafikiri. "Mtu wa kukaa tu."

"Ana kiburi?"

"Sana."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Lakini asitudanganye jambo. Kaka yangu moyo wake ni asali, ila uongo hauvumilii. Mwaka juzi alikuja mtu kumposa binti yake, akasema ana mitende hamsini. Kaka akaenda kuihesabu. Akakuta arobaini na minane. Akawarudishia sukari yao siku ile ile."

Mitende miwili! Mimi nilikuwa nimeongeza mabasi arobaini. Chungwa likawa chungu mdomoni. Nilitaka basi liende mbio, na nilitaka lisifike.

Tuliingia stendi ya Meknes alasiri inakaribia. Kabla ya kusimama vizuri, Qadur alishaniona kupitia kioo, akaanza kukimbia kando ya basi akipiga bati kwa kiganja.

"Ba Benaisa! Ba Benaisa yu hai! Kaka, umetuua kwa wasiwasi! Mkeo kaja hapa mara tatu anamtafuta mkaguzi Benaisa, tumemwambia hapa hatuna mkaguzi, Benaisa tunayemjua ni chambo!"

Kule mbele Haj Lahbib alikuwa usingizini na mwanawe kainamia mfuko wake; Lalla Tuda peke yake ndiye aliyegeuza kichwa, polepole. Akanitazama usoni, akatazama ua la plastiki mguuni, akanitazama tena usoni. Mimi nikamwekea vichuguu vinane mapajani, kimoja kimoja, nikasema, "Hakuna kilichovunjika, mama," nikashuka mbio.

Khaduj alikuwa mlangoni na jalaba langu jeupe mkononi. Nilitarajia matusi. Akasema neno moja tu, "Mkaguzi," akanivalisha jalaba lile kwa nguvu mpaka kichwa kikatokea kwenye tundu la mkono. Matusi yangekuwa nafuu.

Wageni wakafika. Sukari ikatangulia, maziwa na tende zikafuata, mashangazi wakapiga vigelegele. Lalla Tuda alipofika mlangoni alisimama mbele ya viatu vilivyopangwa, akaitazama ile kandambili ya waridi, akavua viatu vyake, akavipanga kando yake. Akaingia, akakaa, akanyamaza. Niliogopa kunyamaza kule kuliko kelele.

Tukala, tukanywa. Haj Lahbib, kumbe mtu mpole mwenye sauti ya kunong'ona, akafuta ndevu akasema, "Sisi ni wakulima wa mitende. Ni heshima kwetu kuungana na nyumba ya mkaguzi mkuu. Sidi Benaisa, inua mikono tusome Fatiha."

Mikono haikunyanyuka. Niliiamuru, ikagoma. Nilikuwa nimewadanganya watu elfu na moja kwa kukaa kimya, sikuona tabu, lakini kuinua mikono mbele ya Mungu na uongo ukiwa umekaa katikati ya sinia kulinishinda.

"Haj," nikasema, "mimi si mkaguzi. Sina basi hata moja. Kazi yangu ni kukaa kwenye basi tupu ili watu wadhani limekaribia kuondoka. Likijaa, nashuka."

Mashangazi wetu wakaacha kutafuna. Sufyan akarudi kuwa rangi ile ile aliyokuwa nayo kwenye basi.

"Sema tena," akanong'ona Haj Lahbib.

"Mimi ni chambo."

"Miaka kumi na moja!" Khaduj akalipuka kutoka mlango wa jikoni. "Miaka kumi na moja napiga pasi kola za chambo!"

"Mama, nyamaza kidogo." Alikuwa Ghizlan, amesimama na birika la chai, kaftani ya kijani inametameta. Hakuwa akiwatazama wageni. Alikuwa ananitazama mimi. "Mimi nilijua, baba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza niliyokwenda Rabat kuanza chuo. Unakumbuka ulinipa buriani hapa nyumbani? Ulisema una kazi, mkaguzi hawezi kuonekana analia stendi. Nikafika stendi peke yangu na sanduku. Mabasi matatu yanakwenda Rabat, sijui nipande lipi, naogopa. Ndipo nikakuona umekaa kiti cha mbele. Nikadhani umeamua kunisindikiza, umenificha ili unishtue. Nikapanda kwa mlango wa nyuma nikakaa nacheka peke yangu. Nikasema nitamwacha ajione mjanja mpaka tutoke mjini." Akaweka birika chini. "Kisha wakagonga kioo mara mbili, ukashuka. Nilikuita. Hukusikia."

Machozi yalinitoka mbele ya wakwe, mbele ya mashangazi, yakaingia kwenye ndevu nilizozichana kwa miaka yote ile ili watu wasiojulikana waniamini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia nini, baba? Ulikuwa unarudi nyumbani unatuhadithia mabasi uliyoyakagua. Ulikuwa unahadithia vizuri."

Lalla Tuda akapenga kwa shali. "Lahbib," akasema, "hesabu sukari."

"Sukari ya nini sasa, Tuda?"

"Hesabu!"

Haj Lahbib akahesabu kwa kidole. "Vinane."

"Ncha zilizovunjika?"

"Hakuna."

"Kutoka Zaida mpaka hapa ilikuwa mapajani mwa mtu huyu. Hakuomba hata kujikuna. Nami nilimwambia habari ya mitende, kwa hiyo alijua kitakachompata. Angeweza kuinua mikono tu, mimi ningenyamaza."

Nilisikia saa ya ukutani, ile iliyokuwa imesimama mwaka mzima na Khaduj kaitengeneza kwa ajili ya siku ile.

"Yule wa mitende," akanong'ona Haj Lahbib, "aliningoja nihesabu mwenyewe." Akapandisha mikono ya kanzu. "Inua mikono, chambo. Chai inapoa."

Tukasoma Fatiha. Khaduj alisema "amina" kwa sauti ya mtu ambaye bado ana maneno yake, na kweli alikuwa nayo, yalichukua wiki tatu.

Mwezi wa tisa, baada ya harusi, Ghizlan alipata shule ya kufundisha Errachidia. Mumewe alikuwa ametangulia kutafuta nyumba, hivyo alisafiri na masanduku yake peke yake. Ndivyo alivyodhani. Nilimkuta stendi nikampokea sanduku, nikamkalisha kiti cha mbele, mimi dirishani, yeye kando yangu. Basi likajaa haraka. Sikushangaa, nilikuwa nimechana ndevu.

Qadur akaja akagonga kioo. Ngo ngo.

Sikushuka.

Akagonga tena. "Ba Benaisa! Limejaa, shuka! Unataka kumezwa tena?"

Nikamwonyesha tiketi. Akaitazama mbele na nyuma, akajikuna kichwa, akatazama kama nina kandambili sawa. Basi likaanza kurudi nyuma. Ghizlan alikuwa ameushika mkono wa jalaba langu, ameukaza, na hakuuachia mpaka tulipovuka lango la stendi.